Mto ni wa Wote, Lakini Njia ni ya Nani?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo tuongee juu ya mto. Ninyi mnaoishi chini ya Nyandarua mnaujua mto Gura, maji yake ni baridi na yanakwenda mbio. Mwaka 1905 samaki aina ya trauti aliletwa kutoka Uskoti akatiwa humo. Baadaye akaenezwa kwa mito ya Mlima Kenya pia. Siku zile kumvua kulikuwa mchezo wa walowezi. Leo kijana wetu naye anataka samaki wa mboga, au wa kuuza.

Shida ni njia. Kati ya barabara na mto kuna shamba la mtu. Kijana anabeba ndoano, anaruka ua, anateremka. Mwenye shamba haoni mvuvi, anaona mwizi. Ng'ombe akipotea wiki hiyo, nani atalaumiwa? Halafu ni kesi, pesa za karo zinalipa faini, na majirani hawasalimiani tena.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu mito kuwa ardhi ya umma. Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza. Mto ni wa umma, lakini shamba la kupitia ni la mwenyewe. Kuingia shamba la mtu bila ruhusa wala sababu ya haki ni kosa.

Wengine husema, "Lakini kando ya mto ni kwa serikali." Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto, usilimwe. Kumkataza mwenye shamba kulima si kukupa wewe njia. Tusidanganyane.

Kwa hiyo tupige hodi. Milango ni mitatu:

1. Mwenye shamba. Asiende kijana mmoja mmoja, kiende kikundi, pamoja na mzee wa kijiji. Mkubaliane njia moja, siku, na idadi ya watu. Muandike, kila upande ubaki na nakala.

2. Ofisi ya samaki. Ulizeni leseni na masharti ya mto wenu kabla ya kutupa ndoano. Kuuliza si ujinga.

3. Walinzi wa msitu na wa wanyama. Kule juu mto unapita msituni na ndani ya hifadhi ya taifa. Ruhusa ya mwenye shamba haifiki huko.

Tumfikirie mwenye shamba pia. Mara nyingi anakataa kwa sababu aliumia: lango liliachwa wazi, waya ulikatwa, chai ikakanyagwa. Kikundi kikiahidi kufunga lango na kurekebisha ua, atasikiliza. Na akiona mmoja wetu anatia sumu majini, atafunga njia, na atakuwa na haki. Sumu imekatazwa na sheria. Inaua hata vifaranga vya samaki, na maji hayo yananywewa na watu walio chini.

Jambo la mwisho. Trauti hutaga mayai ndani ya changarawe, na mayai yanahitaji maji safi yapite katikati yake. Tukilima mpaka ukingoni, mvua inashusha matope, mayai yanakosa hewa. Hapo hata njia ikifunguliwa tutakuta mto mtupu. Tukienda kuomba njia, twende na miche ya kupanda ukingoni. Mtu anayekuja na mche mkononi hafukuzwi upesi.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Ni nani hasa wenye mashamba kati yetu na mto?
– Je, kuna ugomvi wa zamani wa kumaliza kwanza?
– Nani watatu watakwenda kupiga hodi, na lini?