KAMPUNI INA SENTI NGAPI KWA KILA SHILINGI YA DENI?

Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya wajumbe wa matawi



Tumepewa kazi ya kuwaeleza namna ya kusoma hesabu za kampuni. Tunajua ya kwamba wengi wetu tukiletewa karatasi ya hesabu tunaiweka kando na kusema hiyo ni kazi ya makarani na wakaguzi. Lakini kampuni ikianguka, anayetangulia kukaa nyumbani bila mshahara si mkaguzi. Ni mfanyakazi. Basi yatupasa tuisome.

Jambo letu leo ni moja tu. Faida iliyoandikwa katika karatasi hailipi mshahara. Mshahara hulipwa kwa fedha zilizo benki, na fedha hizo zina watu wanaozingojea, yaani wale wanaoidai kampuni. Kwa hiyo mfanyakazi asiulize tu, "Kampuni imepata faida gani?" Aulize pia, "Ina fedha ngapi mkononi, na inadaiwa ngapi?"

KIPIMO CHENYEWE

Kipimo hiki ni chepesi, na aliyejifunza kugawanya shuleni anakiweza. Katika hesabu za mwaka kuna ukurasa unaoonyesha mali na madeni ya kampuni siku ya mwisho ya mwaka. Katika ukurasa huo tafuteni mambo mawili.

La kwanza ni fedha taslimu: zilizo katika sanduku, zilizo benki, na zile zilizowekwa mahali zinapoweza kutolewa upesi, kama amana za miezi michache au hati za serikali za muda mfupi. Majengo, mashine na bidhaa zilizo ghalani msizihesabu hapa. Hizo ni mali, lakini huwezi kumlipa mtu mshahara kwa kipande cha mashine.

La pili ni deni: mikopo ya benki, ovadrafti, hati za mkopo walizouziwa watu, na mashine au malori yaliyochukuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Wekeni pamoja deni la kulipwa ndani ya mwaka na lile la miaka ya mbele.

Kisha gawanyeni fedha kwa deni. Jibu litawaambia kampuni ina senti ngapi mkononi kwa kila shilingi ya deni. Ikiwa ni shilingi nzima au zaidi, kampuni ingeweza kulipa deni lake lote leo na kubaki imesimama. Ikiwa ni senti chache, basi kampuni inaishi kwa kutegemea mauzo ya kesho na uvumilivu wa wanaoidai.

MFANO WA KIWANDA

Tuseme kuna kiwanda, nacho ni cha mfano tu. Mwaka wa kwanza kilipata faida ya shilingi milioni 70, wa pili milioni 80, wa tatu milioni 90. Meneja anasimama mbele ya watu na kusema mambo ni mazuri. Sasa tutazame ukurasa ule mwingine.

Mwaka wa kwanza kiwanda kilikuwa na fedha milioni 200 na deni la milioni 400. Hiyo ni senti 50 kwa kila shilingi. Mwaka wa pili fedha zilikuwa milioni 120 na deni milioni 480, yaani senti 25. Mwaka wa tatu fedha zilikuwa milioni 60 na deni milioni 600. Hiyo ni senti 10.

Mtu atauliza: yawezekanaje faida kupanda na fedha kupungua? Yawezekana sana. Bidhaa zikiuzwa kwa mkopo, karani huandika mauzo na faida siku ile ile, ingawa mnunuzi hajalipa hata senti. Fedha nyingine zimelala ghalani katika bidhaa zisizonunuliwa. Nyingine zimenunua mashine, na nyingine wamegawiwa wenye hisa. Faida ipo katika kitabu, lakini sanduku ni tupu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Hapo mtaona pia ya kwamba hesabu ya mwaka mmoja haitoshi. Senti 25 peke yake haisemi mengi. Senti 50, kisha 25, kisha 10, hayo ni maneno yanayosikika.

MAMBO YA CARILLION

Sasa tutoe habari ya kweli. Tumechagua kampuni ya Uingereza kwa sababu baada ya kuanguka kwake kamati za bunge la huko zilifungua vitabu vyake, na kila mtu akaona yaliyokuwa ndani.

Carillion ilikuwa kampuni kubwa ya ujenzi na huduma. Ilijenga hospitali na barabara, ikafanya usafi, ikapika chakula cha shule, na kutengeneza majengo ya magereza. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao 43,000 duniani, karibu nusu yao huko Uingereza. Hesabu zake za mwaka 2016, zilizotangazwa Machi 2017, zilionyesha faida. Juni 2017 ikawalipa wenye hisa pauni milioni 55. Mwezi uliofuata, Julai 2017, ikatangaza ya kwamba mikataba yake imepungua thamani kwa pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari 2018 ikaingia mikononi mwa mfilisi. Siku hiyo ilikuwa na fedha taslimu pauni milioni 29 tu, na wanaoidai, tukiwahesabu wote na si mabenki peke yake, walikuwa wakidai karibu pauni bilioni 7. Gawanyeni wenyewe. Haifiki nusu peni kwa kila pauni.

Kuna mafunzo mawili hapa, nayo ni makubwa kuliko hesabu yenyewe.

Funzo la kwanza: siku ya mwisho ya mwaka si sawa na siku nyingine. Mwisho wa 2016 deni la Carillion, likiisha kutolewa fedha zilizokuwapo, lilikuwa karibu pauni milioni 219. Lakini kwa wastani wa mwaka mzima lilikuwa karibu pauni milioni 587. Nyumba ilifagiliwa kwa ajili ya mgeni. Kwa hiyo ulizeni deni la wastani, si la tarehe moja tu.

Funzo la pili: deni huweza kuvaa nguo nyingine. Carillion ilifanya mpango ambao benki iliwalipa wauzaji wake, na yenyewe ikaja kuilipa benki baadaye. Kwa akili ya kawaida huo ni mkopo, lakini katika vitabu haukuwekwa katika fungu la mikopo. Kampuni ya kupima nguvu za wakopaji, Moody's, ilisema baadaye ya kwamba fedha karibu pauni milioni 500 za namna hiyo zilifaa kuhesabiwa kuwa deni. Kwa hiyo mkiona fungu la wanaodai wengine linakua upesi kuliko mauzo, ulizeni ni akina nani.

HAPA KWETU

Msiseme hayo ni mambo ya ng'ambo. Nakumatt ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 wauzaji waliokuwa hawajalipwa waliacha kuleta bidhaa, rafu zikabaki tupu, na maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifungwe. Nakumatt haikuwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa hiyo haikulazimika kutangaza hesabu zake gazetini kama kampuni za soko hilo. Wafanyakazi wa kampuni ya namna hiyo hawataona hesabu ila chama chao kiziombe.

Na kwa nini jambo hili linatuhusu hata mfukoni? Kwa sababu ya foleni. Kampuni ikifilisika, benki yenye rehani ya kiwanja na mashine hushika rehani yake. Gharama za mfilisi hutolewa mbele. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliwapa wafanyakazi nafasi ya mbele kwa mshahara wa miezi minne, likizo na malipo ya kuachishwa kazi, lakini iliweka kikomo cha shilingi 200,000 kwa mtu mmoja.

Sasa fikirini mfanyakazi wa miaka 20 aliyekuwa akipata shilingi 1,500 kwa siku, akapunguzwa kazini kabla ya kampuni kufilisika na bado hajalipwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Hizo ni siku 300, yaani shilingi 450,000. Akipata 200,000 za kwanza, na hizo pia ni kama zipo, 250,000 zilizobaki zinasimama katika foleni ya nyuma pamoja na wengine wote wasio na rehani. Wengi wa foleni hiyo hurudi nyumbani na barua tu.

TUWE NA HADHARI

Ndugu, kipimo hiki ni chombo, nacho chombo hutumiwa kwa akili.

Kwanza, kila kazi ina hali yake. Kampuni ya umeme inayojenga bwawa hukopa fedha nyingi za miaka mingi, na wateja wake hulipa kila mwezi. Senti zake zaweza kuwa chache na bado ikawa na afya. Benki nayo haipimwi hivi, kwa maana kushika fedha za watu ndiyo biashara yake.

Pili, tazameni deni linalipwa lini. Senti 20 kwa deni la miaka kumi si hatari kama senti 20 kwa deni la miezi sita.

Tatu, fedha zilizo katika tangi hazitoshi kutuambia habari za mfereji. Katika hesabu kuna ukurasa wa fedha zilizoingia na kutoka. Someni fedha zilizoletwa na kazi yenyewe ya kampuni, si zile za kukopa au za kuuza kiwanja. Zikipungua huku deni likipanda, shida iko njiani.

Nne, msizichukue hesabu hizi mkaenda kuzitangaza sokoni. Uvumi peke yake waweza kuwafanya wauzaji na mabenki wakimbie, na kampuni iliyokuwa mgonjwa kidogo ikafa. Zileteni katika kamati ya tawi na katika meza ya mapatano.

TUFANYE NINI

Kila tawi liombe hesabu za miaka mitatu iliyopita. Hii si hisani ya mwajiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamwamuru mwajiri kukipa chama habari zote zinazohusika ili kiweze kufanya mapatano vizuri. Katibu aandike barua, na kifungu hicho kitajwe.

Hesabu zikija, kamati igawanye fedha kwa deni kwa kila mwaka na kuandika majibu matatu katika mstari mmoja. Kisha iulize maswali manne: Deni la wastani wa mwaka ni kiasi gani? Sehemu gani italipwa ndani ya miezi 12? Ni mali gani zimewekwa rehani? Na wauzaji wanalipwa baada ya siku ngapi?

Ikiwa kampuni ina nguvu, na mwajiri anakuja mezani akilia ya kwamba hana kitu, mwonyesheni hesabu yake mwenyewe. Mwenye senti 90 kwa kila shilingi ya deni, ambaye mwaka jana aliwagawia wenye hisa mafungu manono, hawezi kusema nyongeza ya mshahara itamfilisi.

Ikiwa kampuni ni dhaifu, hatusemi tuache madai. Tunasema tubadili kinachotangulia. Fedha za ovataimu na likizo zisirundikane, zilipwe kila mwezi zinapopatikana. Fedha za uzeeni zitengwe na kutunzwa na wadhamini mbali na biashara. Makato ya NSSF na ya chama cha akiba na mikopo yaonyeshwe kwa risiti kila mwezi, maana mwajiri aliyeishiwa mara nyingi huanza kwa kukopa humo bila kuomba. Na kila mwanachama atazame akaunti yake mwenyewe, asingoje kuambiwa.

Na dalili nyingine tunaziona sisi kabla ya mkaguzi. Dereva anajua lori linapokosa mafuta. Mtunza ghala anajua muuzaji anaposema sasa anataka fedha mkononi ndipo ashushe mzigo. Karani anajua mshahara uliokuwa ukilipwa tarehe 28 ukianza kulipwa tarehe 5. Mkiweka habari hizo pamoja na ile hesabu ya senti, tawi litajua hali ya kampuni mapema, wakati bado kuna kitu cha kupatana.

Ndugu wajumbe, sisi hatukukopa deni hilo wala hatukulitia sahihi. Lakini likishindwa kulipwa, tunalipa nasi, kwa miaka yetu ya kazi. Basi mkirudi matawini, barua ya kuomba hesabu iandikwe kabla ya mwisho wa mwezi huu, na majibu yaletwe katika mkutano ujao ili tuyasome pamoja.

Umoja ni nguvu.