Kuzisoma Namba za Tairi Kabla ya Kutia Sahihi

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya chama. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Katibu ndiye anayetia sahihi hati ya kupokelea matairi, na si haki kutia sahihi juu ya kitu usichoweza kukisoma.

Nalikumbuka lori la chama kimoja, ambacho sitakitaja. Liliagiziwa matairi mawili ya nyuma. Hati ya kuagizia ilisema tu, "matairi ya lori, mawili." Yaliyoletwa yalikuwa 9.00-20, yakafungwa kila moja ubavuni mwa tairi la zamani la 10.00-20. Tairi la 9.00 ni fupi kwa takriban sentimita 3, kwa hiyo lile refu ndilo lililobeba karibu mzigo wote. Lori likipanda Kitonga na mbolea, tairi moja likapasuka. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini mbolea ilichelewa na wanachama wakapandia bila mbolea.

Sasa tuchukue tairi lenye maandishi haya: 10.00R20, plai 16, 146/143K.

Namba 10.00 ni upana wa tairi kwa inchi. Namba 20 ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Herufi R maana yake ni kwamba nyuzi za mwili wa tairi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Penye kistari badala ya R, nyuzi zimekatizana mshazari. Aina hizi mbili zisichanganywe katika ekseli moja.

Plai zamani ilikuwa hesabu ya matabaka ya nguo yaliyomo ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Tairi la plai 16 halina lazima ya kuwa na matabaka 16.

Namba 146/143 ndizo zinazopuuzwa zaidi, nazo ndizo zenye uzito. Si kilo, ni alama za kutazamwa katika jedwali. Alama 146 ni kilo 3,000, tairi likifungwa peke yake. Alama 143 ni kilo 2,725, yakifungwa mawili mawili kama nyuma ya lori. Herufi K ni mwendo usiozidi kilomita 110 kwa saa. Uzito huo hubebwa ikiwa tu tairi limejazwa upepo kwa kipimo chake.

Tufanye hesabu. Ekseli ya nyuma yenye matairi manne ya alama 143 hubeba kilo 10,900. Sheria ya barabara huiruhusu ekseli hiyo tani 10, basi tuko salama. Lakini matairi ya 9.00R20 yenye alama 140/137 hubeba kilo 2,300 kila moja yakiwa mawili mawili. Manne ni kilo 9,200. Zimepungua kilo 800, yaani mifuko 16 ya mbolea ya kilo 50. Mizani itakupitisha; tairi halitakusamehe, hasa katika milima yetu ya Iringa na Mbeya.

Mwisho, tafuteni namba nne zilizo pamoja mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Zikiwa 3523, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na tairi la miaka mingi laweza kung'aa kama jipya.

Ndugu zangu, naomba mambo matatu. Hati ya kuagizia iandikwe maandishi yote: ukubwa, plai, alama za uzito na herufi ya mwendo. Siku ya kupokea, katibu na dereva wasome kila tairi, si moja tu. Kisha namba ziingizwe katika daftari la gari, ili kamati na mkaguzi wazione.

Fedha inayonunua tairi imetoka katika kahawa, mahindi na mpunga wa mwanachama. Ana haki ya kujua imenunua nini.