Kuni za Boila Nani Ananunua? Uhandisi Kemikali na Hesabu za Biashara katika Shahada ya Uzamili



Naomba nianzie mtaroni. Kiwanda kinachochemsha mawese na kostiki soda kupata sabuni ya mche hufika hatua ya kumwaga chumvi ili sabuni ijitenge. Sabuni huelea, chini hubaki maji ya chumvi yenye gliserini, na kwenye kiwanda kidogo maji hayo mara nyingi huishia mtaroni. (Mama anayekoroga sabuni kwenye ndoo nyumbani hana shida hii. Hamwagi chumvi, gliserini yake inabaki ndani ya kipande.)

Miaka michache iliyopita nilimtahini mwanafunzi wa uzamili aliyekerwa na mtaro huo. Kemia yake haikuwa na doa. Tani moja ya mafuta hutoa takriban kilo 100 za gliserini. Kiwanda chake cha mfano kilitumia tani 5 kwa siku, basi nusu tani ilikuwa inapotea. Akachora mtambo wa kuyavukiza maji hayo, akapanga mizania ya joto, akamaliza. Nikamuuliza: kuni za boila nani ananunua? Kimya.

Tukapiga hesabu ubaoni. Ikiwa sehemu moja ya kumi ya maji yale ndiyo gliserini, kupata nusu tani lazima uvukize zaidi ya tani 4 za maji. Kila kilo inadai karibu kilojuli 2,260. Kwa boila la kawaida hiyo ni kama tani nzima ya kuni kavu kila siku, na bado unachopata ni gliserini ghafi, yenye chumvi, ambayo mtengeneza dawa hataigusa. Halafu kuna mtambo wenyewe. Wahandisi hukadiria kwamba gharama hupanda kwa kipeo cha 0.6 cha ukubwa, yaani mtambo mkubwa mara 10 hugharimu kama mara 4 tu. Mwenye tani 5 ameshapigwa na mwenye tani 50 kabla hajawasha moto.

Na bei ya gliserini haitulii. Dizeli ya mimea ilipoenea Ulaya na Marekani miaka ya 2000, gliserini inayotoka humo ilifurika sokoni. Mwaka 2006 kampuni ya kemikali ya Dow ilifunga kiwanda chake cha gliserini huko Freeport, Texas. Mwaka uliofuata kampuni ya Solvay, huko Tavaux, Ufaransa, ikaanza kuigeuza gliserini kuwa epiklorohidrini, malighafi ya epoksi. Zamani epiklorohidrini ndiyo iliyogeuzwa kuwa gliserini! Bei ilipinduka, na kemia ikapinduka nayo.

Hesabu za namna hii hazitengani na mtambo wenyewe. Ndiyo maana siungi mkono wazo la kubandika kozi mbili za biashara juu ya shahada iliyopo. Mwanafunzi atazifaulu, atazisahau, na tasnifu itaandikwa vilevile. Chuo cha MIT, Marekani, kilianza mwaka 1916 kupeleka wanafunzi wa uhandisi kemikali viwandani, mwalimu akiwa nao hukohuko. Baadaye kikaongeza uzamivu ambao mwaka wake mmoja husomwa kwenye shule ya menejimenti. Fedha zao hatuna. Wasimamizi wawili kwa tasnifu moja tunaweza: mmoja wa mitambo, mmoja wa fedha, na kazi haipiti bila saini ya wote.

Kikwazo, niseme wazi, ni ninyi wa viwandani. Mitambo mnatuonyesha, vitabu vya hesabu mnavifungia kabatini. Mwenye kiwanda mmoja aliniambia, "Mwalimu, boila litazame utakavyo, ila ankara za kuni ni siri yangu na mke wangu." Nilicheka, lakini nilimwelewa. Mkataba wa kumlindia siri hiyo ni ukurasa mmoja tu. Zaidi ya hapo, tarakimu zote za fedha zinaweza kuzidishwa kwa namba moja anayoijua mwenye kiwanda peke yake kabla hazijachapwa. Uwiano utabaki palepale, na mwanafunzi anahitaji uwiano.

Yule kijana tulimrudisha kwa miezi mitatu. Tasnifu aliyoileta upya haina mtambo wowote kwa kiwanda kile. Inapendekeza viwanda jirani vikusanye maji yao kwenye tangi moja, na jedwali lake la kwanza ni gharama ya lori la kuyasomba.