Madarasa yasiwe ya mabati matupu
(Hotuba ya mwalimu, Siku ya Wakimbizi)



Mimi si fundi. Ni mwalimu, nami hukaa kutwa ndani ya kile mafundi walichojenga.

Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote, joto lilipotazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena wiki mbili. Wizara ilisema hapa Juba wanafunzi wapatao 12 walikuwa wakizimia kila siku. Madarasa mengi ni mabati, juu na ubavuni.

Bati tunalishukuru, mchwa hawaliwezi. Lakini hupokea jua na kuliteremsha kichwani pa mtoto. Tazameni tukuli za wenyeji: ukuta wa udongo mnene, paa la nyasi, na saa nane mchana bibi amelala ndani bila taabu. Basi tuchanganye. Bati libaki juu, chini yake dari ya mianzi, na matundu ya kutolea hewa ya moto. Kuta ziwe za tofali mbichi (za kuchoma zitamaliza miti, na akina mama ndio wanaojua kuni zimekwenda mbali kiasi gani). Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Msingi wa mawe uinuke juu ya maji ya mvua, na paa litokeze nje yasilambe ukuta.

Ni kweli, udongo hutaka kukandikwa kila mwaka. Wazazi na walimu tutakandika.

Ndugu Mwenyekiti, ramani ya madarasa mawili mapya iliyo mezani kwako ina bati pande zote nne. Tunaomba irudishwe kwa fundi kabla mabati hayajanunuliwa.