Kikohozi Kisichoisha: Maswali Matatu kwa Daktari

Leo tuongee juu ya kifua kikuu, yaani TB, na hasa matibabu ya kliniki za kibinafsi. Tukikohoa, wengi wetu huanzia huko. Ni karibu, na foleni si ndefu. Si vibaya, maana wako madaktari wa kibinafsi wanaotibu TB vizuri. Lakini ni lazima tujue kazi nzuri ikoje.

Swali la kwanza: Daktari, makohozi yangu yamepimwa? Mtu akibadilishiwa dawa za kikohozi kila mara, wiki zinapita huku akiambukiza nyumba nzima. Picha ya eksirei huonyesha kasoro kwenye mapafu, lakini peke yake haithibitishi TB. Mashine ya GeneXpert hupima makohozi ikaonyesha kama viini vimo, na kama vinashinda dawa ya rifampisini. Kliniki isiyo na mashine hiyo itume makohozi panapopimwa.

Swali la pili: Dawa hizi ni za mwongozo wa taifa? Kwa kawaida TB ya mapafu hutibiwa miezi 6: miezi 2 dawa aina 4, kisha miezi 4 aina 2. Tujifunze kwa wenzetu wa India. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliwauliza madaktari wa kibinafsi wapatao 100 wa Bombay, sasa Mumbai, wanavyotibu TB. Zilipatikana namna 80 tofauti! Ugonjwa ni mmoja, lakini kila mmoja alikuwa na njia yake. Ndiyo maana Kenya ina mwongozo mmoja, wa serikali na wa kibinafsi pia.

Swali la tatu: Jina langu limeandikishwa? Sheria yataka mgonjwa wa TB aripotiwe. Akishaandikishwa kwenye mpango wa serikali, dawa za TB ni bure. Watu wa nyumbani hupimwa, hasa watoto wadogo, na akikosa kufika atafuatwa. Asiyeandikishwa hununua vidonge kulingana na mfuko. Mwezi wa pili homa imeisha, nguvu zimerudi, na karo inadaiwa. Basi anaacha dawa. Hapo ndipo viini vilivyobaki huwa sugu. TB sugu ni ngumu zaidi kutibu, na huambukiza wengine ikiwa sugu vile vile.

Kuuliza si kukosa adabu. Daktari mzuri atajibu, na asipoweza kutibu TB atatuandikia barua twende hospitali.

Nasi vikundi tuna kazi. Mwenzetu akipatikana na TB, tusimtenge. Tumchangie nauli kutoka sanduku la kikundi, tuchague mmoja wa kumtembelea, tuhesabu naye miezi mpaka 6 itimie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusimwache mwenzetu ajifiche.