Wananunua vyandarua, tunabaki na matundu

Yafuatayo ni mazungumzo kwa wananchi wa Katindiuka, Ifakara, juu ya namna mashirika ya kimataifa yanavyonunua bidhaa za misaada. – Mhariri

Leo sikuja kuzungumzia uchaguzi. Nimekuja kuzungumzia chandarua. Namna ya kukitungika mnaijua kuliko mimi. Nataka tujiulize: kilinunuliwa na nani, na kwa masharti gani?

Bonde hili lina haki ya kuuliza. Waswisi walifungua maabara hapa Ifakara mwaka 1957, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1997, kwa msaada wa Uswisi, vyandarua vyenye dawa vilivyoitwa Zuia Mbu vilianza kuuzwa Kilombero na Ulanga kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kulalia chandarua chenye dawa kuliendana na ongezeko la asilimia 27 la nafasi ya kuishi. Dunia ilijifunza hayo kutokana na watoto wetu.

Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda dukani, akaongeza fedha kidogo, akachukua chandarua. Tangu 2009 aliongeza shilingi 500 tu. Mpango huo ulikoma mwaka 2014. Ulikuwa na kasoro zake, lakini mama alisimama mbele ya kaunta. Akipewa kibovu, alijua mlango wa kugonga.

Hapo katikati ukaja ugawaji wa bure kwa wote. Ni jambo jema, maana mlalahoi hakuachwa nje. Lakini tuone kilichobadilika: mnunuzi alihama. Aliyekuwa kwenye kaunta ya Ifakara sasa yuko Geneva kwenye Mfuko wa Dunia, au Copenhagen kwenye ofisi ya ununuzi ya UNICEF.

Wananunuaje?

Wananunua kwa zabuni. Kwanza chandarua lazima kiwe kwenye orodha iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani. Kisha kampuni hushindana, na kwa bidhaa zinazohesabiwa kuwa sawa, bei huwa na nguvu kubwa. Umoja wa Mataifa una misingi yake minne ya ununuzi: thamani ya fedha, haki na uwazi, ushindani wa kimataifa, na maslahi ya Umoja wenyewe. Tusiwatukane kwa hilo. Bei ikishuka, fedha zile zile humfikia mtoto mwingine. Na zabuni ya wazi humnyima kigogo nafasi ya kumpa shemeji yake kazi.

Swali ni hili: thamani ya fedha inapimwa kwa kipimo gani?

Ugawaji hupangwa kana kwamba chandarua kinadumu miaka 3. Watafiti, wakiwemo wa Ifakara, walifuatilia aina 3 za vyandarua katika wilaya 8 za Tanzania kwa miaka 3. Matokeo yalitoka mwaka 2020: aina zote tatu zilichakaa kabla ya kufika miaka hiyo, na hazikulingana kwa uimara. Wakashauri kwamba bei ihesabiwe kwa kila mwaka wa matumizi.

Tupige hesabu ya mfano. Chandarua cha kwanza ni shilingi 6,000, kinadumu miaka 2. Cha pili ni shilingi 7,500, kinadumu miaka 3. Anayetazama bei ya kipande atanunua cha kwanza na kujisifu kwamba ameokoa 1,500. Lakini kwa mwaka, cha kwanza ni 3,000 na cha pili ni 2,500. Cha rahisi ndicho cha ghali! Na ule mwaka wa tatu wa kulala na matundu unalipwa na nani? Hauonekani kwenye vitabu vya Geneva. Unaonekana wodini, mtoto akitetemeka na mama akitafuta nauli.

Masharti hujenga, masharti hubomoa

Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya dawa ya muda mrefu kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Wanunuzi wakubwa walikuwepo, teknolojia ikaletwa, maelfu wakapata kazi, wengi wao wanawake. Kiwanda kisicho na teknolojia hiyo kilibaki nje ya zabuni hizo, hata kama mafundi wake ni hodari. Kwa hiyo karatasi ya zabuni inaamua nani ale na nani alale njaa.

Na mwaka 2025 tumeonyeshwa jambo jingine. Marekani, iliyokuwa ikinunua sehemu ya vyandarua vyetu, ilisimamisha misaada mwezi Januari, na kufikia Julai USAID haikuwa tena ikiendesha misaada hiyo. Fedha zinapopungua, kununua kinachochanika ni anasa.

Tudai nini?

Kwanza, uimara uliopimwa majumbani mwetu uwe na alama zake kwenye zabuni, siyo bei ya kipande peke yake. Pili, kila ugawaji uambatane na tangazo la Kiswahili kwenye ofisi ya kata: aina gani, bei gani, kinatarajiwa kudumu muda gani. Tatu, kikichanika mapema, pawepo pa kupeleka malalamiko, na yamfikie mnunuzi kabla hajanunua tena. Wizara yetu inakaa nao meza moja. Ianze yenyewe kuyasema haya.

Tusiambiwe kwamba cha bure hakiulizwi. Fedha hizo zinaombwa kwa jina letu. Anayenunua kwa jina lako, lazima akuonyeshe stakabadhi.