Mswada Uliofika Garsen Ndio Uliotoka Hola?

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu kuhakiki faili za kompyuta



Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika kazi zake. Ushiriki huo huanza na waraka. Mswada wa fedha au mpango wa maendeleo ukitoka Hola kama faili ya PDF, hupakuliwa saiba mjini Garsen, hutiwa kwenye flashi, hupelekwa Ngao na Kipini, kisha husambazwa katika vikundi vya WhatsApp. Njiani faili inaweza kukatika mtandao ukipotea, kuharibika kwenye flashi mbovu, au kubadilishwa makusudi. Tarakimu moja ikigeuzwa katika jedwali la ada za soko au za mifugo, wananchi watafika kikaoni kupinga jambo lisilokuwamo, na lililomo litapita bila kuulizwa.

Ipo njia ya kujua, na haina malipo. Huitwa kuhakiki kwa alama ya faili.

Mfano wake ni gunia la mchele. Likipimwa Garsen na kupimwa tena Kipini, uzito ukitofautiana, kuna kilichotokea njiani. Lakini mizani hudanganyika: mtu akitoa kilo moja ya mchele akatia kilo moja ya mawe, uzito ni uleule. Alama ya faili haidanganyiki hivyo. Kompyuta huisoma faili nzima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika nukta moja tu, alama inayotoka huwa nyingine kabisa. Njia hii ya kukokotoa huitwa SHA-256.

Kwenye kompyuta ya Windows, mwananchi hufungua dirisha jeusi la amri kwa kuchapa cmd katika sehemu ya kutafuta. Faili ikiwa kwenye folda ya Downloads, na jina lake ni mswada.pdf, huandika mistari miwili, akibonyeza Enter baada ya kila mmoja:

cd Downloads
certutil -hashfile mswada.pdf SHA256

Kwenye Linux amri ni:

sha256sum mswada.pdf

Na kwenye kompyuta za Apple:

shasum -a 256 mswada.pdf

Alama itakayotokea hulinganishwa na ile iliyotolewa na ofisi yenye waraka. Zilinganishwe herufi zote 64, si za mwanzo na mwisho tu. Herufi kubwa au ndogo si hoja. Na alama ikianza na e3b0c442, faili ni tupu, haina chochote ndani: hiyo ndiyo alama ya faili isiyo na kitu, na mara nyingi maana yake ni kwamba haikupakuliwa. Ipakuliwe upya.

Alama kutofautiana si lazima iwe hila. Kubadilisha jina la faili hakugusi alama, lakini kuifungua na kuihifadhi upya kunaweza kuibadilisha. Picha ya ukurasa ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, hivyo alama yake haiwezi kulingana. Faili itumwe kama dokyumenti.

Swali kubwa ni hili: alama ya kulinganishia imetoka wapi? Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakageuza kiungo ili anayepakua apate faili yenye mlango wa siri. Wenye mradi waliwaambia watumiaji walinganishe alama za faili walizokuwa nazo, na ndivyo wangeweza kujua. Lakini mdukuzi aliyeingia katika tovuti anaweza kubadilisha faili na alama pamoja. Kwa hiyo alama iliyokuja katika ujumbe uleule ulioleta faili haina uzito. Ichukuliwe kwa njia nyingine: ubao wa matangazo, tangazo lililopigwa muhuri, au ofisini kwenyewe.

Mwananchi akipewa alama ya MD5 au SHA-1, aombe ya SHA-256. Udhaifu wa MD5 ulidhihirishwa mwaka 2004, na mwaka 2017 watafiti walitengeneza faili mbili tofauti zenye alama moja ya SHA-1.

Tena alama haisemi kama waraka ni wa haki au kama ada ni nafuu. Inasema jambo moja: faili hii ni ileile. Yaliyobaki ni ya kujadiliwa na watu.

Basi kabla ya kikao kijacho, kikundi cha kijiji kimteue kijana mmoja anayejua kompyuta aende saiba kuhakiki. Na ofisi inayotoa waraka iulizwe: alama yake ni ipi? Mkulima, mfugaji na mvuvi wakiwa na karatasi moja mbele yao, watakapotofautiana watakuwa wanatofautiana juu ya mswada wenyewe.